Uduvi si mtoto wa kamba

Nilishindwa hoja na bibi yangu nikiwa na miaka minane, na hoja yenyewe ilikuwa ya uduvi. Tulikuwa Pemba, pwani ya Micheweni, maji yanatoka, na yeye na wenzake wamo baharini wanatanda. Wawili hushika pembe za kitambaa (zamani kanga kuukuu, siku hizi chandarua), wakakiburura polepole maji yakiwa mapajani, wengine wakapiga maji mbele yao, kisha wote kwa pamoja wakainua. Kinachobaki ndani ni fungu la vidudu vyeupe vinavyorukaruka, vyenye kupenya mwangaza kama vipande vya kioo. Nikamwambia Bibi tuwarudishe, kwani hao ni watoto wa kamba, tukiwaacha watakua nasi tutakula kamba. Hakugeuka hata kunitazama.

"Uduvi haukui, mjukuu wangu. Nautanda tangu sijavunja ungo, na sijauona hata siku moja ukawa kamba."

Sikukubali. Mwalimu wetu wa skuli alikuwa ametwambia kuwa uduvi ni kamba wachanga, na mwalimu alikuwa mtu wa vitabu, Bibi hakusoma isipokuwa Kurani. Basi nikalishika jawabu la mwalimu, nikalibeba mpaka chuo, na naamini wako wanaosoma hapa ambao bado wanalo. Aliyenitoa humo ni kamba mwenyewe, na ilimchukua siku kumi na moja.

Ilikuwa katika maabara moja ya pwani hapa Unguja. Kazi niliyopewa ilisemwa kwa maneno machache: mlee kamba mweupe kutoka yai mpaka kifaranga, na uchore kila umbo analopitia. Kamba mweupe ndiye Penaeus indicus wa vitabuni. Wasomaji wa bara huenda wamezoea kumwita kambamiti, kama zinavyoandika taarifa za serikali. Unguja na Pemba tunasema kamba, basi, na yule mkubwa wa mwambani ni kambakoche. Nikapewa hadubini, pipeti, daftari la karatasi nzito na tanki la lita 500. Nilidhani nimepewa kazi ya kuchora.

Mama tulimpata kwa wavuvi wa upande wa Saadani. Akavushwa ndani ya mfuko wa plastiki uliotiwa maji ya bahari na oksijeni, umelazwa ndani ya boksi lenye chupa za barafu ili maji yapoe naye atulie. Kumjua kamba aliye tayari kutaga ni kazi ya tochi: unammulika kwa chini na kutazama mgongoni. Mayai yakiwa yameiva utaona mstari mnene wa kijani kilichokoza, umetoka kichwani unaelekea mkiani, na kwenye pingili ya mwanzo ya tumbo umetanuka kama almasi. Mbegu za dume anakuwa nazo tayari. Dume humpa siku ambayo jike ni laini, ametoka tu kujivua gamba, akaziweka kwenye kifuko kilicho kifuani baina ya miguu ya nyuma, na jike akazitunza mpaka usiku wa kutaga. Ndiyo maana mama mmoja aliyevuliwa peke yake anatosha kuanzishia kazi.

Vitotoleshi vingi duniani havingoji mama aive mwenyewe. Ndani ya kikonyo cha jicho la kamba mna tezi inayotoa homoni ya kuzuia mayai yasikomae, na kikonyo kimoja kikikatwa, mayai hukomaa kwa siku chache tu. Jambo hili linajulikana tangu 1943, na biashara kubwa ya kamba wa kufuga imesimama juu yake. Mimi sikulifanya na silitaki. Mama wetu alikuja na macho mawili, akaondoka na macho mawili.

Alitaga usiku wa manane. Kamba akitaga hatulii mahali pamoja: anaogelea polepole, na mayai yanamtoka kwenye miguu kama moshi wa udi, yakakutana na mbegu hapo hapo majini. Asubuhi tulikuta utando wa povu la rangi ya waridi umeshika ukingo wa tanki, na mama amechoka yuko chini. Jike mmoja wa jamii hii hutaga makumi ya maelfu ya mayai, na mkubwa hufika laki kadhaa. Kila yai ni kama robo ya milimita, kwa hivyo manne yakipangwa mstari yanajaza milimita moja ya rula.

Hapa kamba anaachana na jamaa zake tuliowazoea. Kambakoche hubeba mayai yake chini ya mkia wiki kadhaa, na kila mvuvi amewahi kumshika mwenye mayai akajua kuwa ni mama. Kamba wadogo wa mwambani, wale wenye mistari myekundu wanaosafisha samaki vinywa, nao huyabeba vivyo hivyo. Kamba mweupe huyamwaga akaenda zake. Mayai yanazama, na yakikaa sakafuni yamerundikana yanaoza, kwa hivyo kila saa nilikuwa nikiyakoroga polepole kwa bamba la plastiki lililotobolewa. Baada ya saa kumi na nne hivi, chini ya hadubini, nikaona yai la kwanza linatikisika kwa ndani.

Aliyetoka hakuwa kamba.

Sijui niseme vipi ili aliyezoea kamba wa nazi sahanini anielewe. Alikuwa na umbo la mbegu ya tikiti. Hana kichwa cha kutenganisha na mwili, hana mkia, hana tumbo lenye pingili. Ana jicho moja tu, doa jekundu katikati ya mbele, na jozi tatu za viungo vyenye nywele ndefu ambazo alikuwa akipigia maji kwa vishindo: anaruka, anasita, anaruka. Viungo hivyo hivyo baadaye vitakuwa sharubu na sehemu za kinywa, lakini kwa wakati ule ndivyo kasia zake. Mdomo haufanyi kazi. Anaishi kwa kiini cha yai alichozaliwa nacho, na kwa muda wa siku mbili anajivua gamba mara baada ya mara, hatua sita, mwili ukirefuka kidogo kila mara. Wanasayansi wanamwita naupliasi.

Kumjua yuko hatua ipi ilinibidi nihesabu miiba ya nyuma. Anaanza na mmoja kila upande. Anamaliza na saba kila upande. Baina yake unahesabu, unachora, unafuta, unahesabu tena, na huku huyo uliyekuwa ukimchora ameshajivua kwenye kioo mbele ya macho yako na mchoro wako umekuwa wa jana. Daftari langu la siku mbili zile limejaa mbegu za tikiti zenye miiba isiyomalizika. Ni kurasa ninazozipenda kuliko zote.

Jina hilo la naupliasi lina kisa chake, na kisa hicho ndicho kilichonirejesha pwani ya Micheweni. Mwaka 1785 mtaalamu wa Denmark, Otto Friedrich Müller, aliona vidudu vya maji vyenye umbo hili akavipa jina la Nauplius, akidhani ni aina ya mnyama aliyekwisha kukua. Havikuwa wazima. Vilikuwa watoto wa vidudu vyengine alivyovijua kwa majina mengine. Mwaka 1802 Mfaransa Louis Bosc naye akamwandika Zoea kama mnyama wa pekee. Ilichukua miaka mingine ishirini na kitu mpaka John Vaughan Thompson, katika bandari ya Cork huko Ireland, akaonesha kuwa zoea ni mtoto wa kaa. Kamba ilibidi asubiri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, Mjerumani aliyehamia Brazil, Fritz Müller, alichota baharini vidudu hivi vya jicho moja, akavipanga na maumbo yaliyofuata, na akasema wazi kuwa kamba naye huanza maisha kama naupliasi. Aliandika kitabu juu yake mwaka 1864, na Charles Darwin alikipenda kiasi cha kusimamia kitafsiriwe kwa Kiingereza, kikatoka 1869. Hoja iliyompendeza ni hii: kamba, vile vidudu vyenye magamba magumu vinavyoganda mwambani na kwenye mashua (barnacle kwa Kiingereza) na vidudu vidogo vya maji, ambao wakiwa wazima hawafanani hata kidogo, utotoni wana umbo moja.

Wao walimwona mtoto wakamwita mzima. Sisi, kama nitakavyoeleza, tulimwona mzima tukamwita mtoto.

Ila Fritz Müller hakumlea. Alimpanga kutokana na vipande, kama mtu anayepanga maisha ya jirani kwa kutazama picha za ukutani. Wa kwanza kumtoa kamba kwenye yai akamkuza mbele ya macho yake ni Mjapani Motosaku Fujinaga, aliyefanikiwa kumtagisha kamba wa kwao mwaka 1934 na kuchapisha maelezo yote mwaka 1942. Tabu kubwa aliyoipata haikuwa kutotoa. Ilikuwa pale naupliasi wanapomaliza kiini na kufungua mdomo, na hakuna anayejua wanakula nini. Alilitatua kwa daiatomu, mwani wa chembe moja usioonekana kwa jicho, aliouotesha peke yake kwenye vyombo.

Nilikuwa nimesoma habari za Fujinaga kabla sijaanza. Kusoma hakukuniokoa. Kundi langu la kwanza nililiua kwa njaa, na nililiua kwa sababu nilikuwa nikilitazama vizuri sana. Jioni ya siku ya pili niliwaweka kwenye kioo, nikahesabu miiba, nikaona bado ni naupliasi, wazima, wanaurukia mwanga kama inavyotakiwa. Nikasema chakula ni cha kesho, maji yasichafuke bure. Usiku wakajivua. Asubuhi walikuwa viumbe vyengine, wamefungua mdomo ndani ya maji matupu, na ilipofika adhuhuri walikuwa wakizama.

Huyo wa pili ndiye zoea, na ana hatua tatu. Mwili umerefuka, una sehemu ya mbele iliyofunikwa kwa ngao na ya nyuma nyembamba yenye ncha mbili. Sasa anachuja maji mchana kutwa na usiku kucha, hapumziki. Katika hatua ya kwanza macho yake mawili yako chini ya ngao, hayajachomoza. Ya pili yanasimama juu ya vikonyo na pembe inatokeza baina yake. Ya tatu mkia unaanza kufunguka kama upepeo. Lakini anayelea zoea hatazami macho wala mkia kwanza. Anatazama kinyesi. Zoea aliyeshiba anaburura nyuma yake uzi mrefu wa kinyesi, wakati mwengine mrefu kuliko mwili wake mwenyewe, na tanki lenye afya ukilimulika kwa tochi unaona maelfu ya nyuzi hizo zinakwenda pamoja. Ukikuta hawana nyuzi, usingoje asubuhi.

Kwa hivyo kundi la pili nililianzia kwenye chupa. Daiatomu tuliyoitumia ni ya jamii ya Chaetoceros. Unachuja maji ya bahari, unayachemsha, unatia mbolea ya naitreti na fosfeti, na silika pia, kwa kuwa gamba la daiatomu ni la silika kama kioo. Unaweka mbegu kidogo kutoka chupa iliyotangulia, unapuliza hewa, unawasha taa. Kwa siku tatu maji yanageuka, mwanzo rangi ya majani ya chai yaliyotiwa maji mara ya pili, halafu chai ya rangi kamili. Unahesabu chembe chini ya hadubini kwenye kioo chenye mirabaraba, kisha unapiga hesabu ya kiasi cha kumimina ili kwenye tanki ziwepo chembe elfu hamsini mpaka laki moja katika kila mililita. Nilikuwa nikisema nimekuja kulea kamba. Ukweli, nusu ya usiku wangu nilikuwa mkulima wa mwani.

Safari hii chakula kilitangulia. Nilimimina wakiwa bado naupliasi wa mwisho, mdomo haujafunguka, na walipoamka zoea wakakikuta mezani. Nyuzi zikaonekana kabla ya saa sita kupita. Umeme ukakatika siku ya tatu kwa saa mbili na nusu, pampu ya hewa ikanyamaza, na mimi na mlinzi tukakaa tunachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, kwa zamu, ili hewa iingie. Mlinzi alikuwa mtu mzima aliyelikumbuka giza la mwezi mzima la mwaka 2008 na lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009, na akaniambia saa mbili si kitu, tuendelee kuchota. Tukawavusha.

Usiku wa nne niliingia maabara bila ya kuwasha taa, nikaona tanki linawaka.

Sisi watu wa pwani tunaujua mwanga wa bahari. Ukitia kasia usiku usio na mwezi, maji yanametameta, ukitoa yanazima. Ule wa tanki haukuwa hivyo. Ulikuwa umetulia, wa kijani kinachokaribia buluu, hauzimi, na nilipoinama niliona kuwa hauko majini, uko ndani ya miili yao. Kila zoea alikuwa taa. Nilisimama pale muda mrefu nikiutazama, na nakiri nilifurahi, nikaona nimepewa kitu ambacho wengi hawajakiona.

Mwalimu aliyekuwa akinisimamia alipokuja alfajiri hakutazama hata sekunde tano. "Zima hewa, mwanangu. Lete klorini."

Mwanga ule ni wa bakteria wa jamii ya Vibrio. Wapo baharini siku zote, hawana neno, lakini kwenye tanki lenye chakula kilichozidi na maiti zilizobaki sakafuni wanaongezeka, wanaingia tumboni mwa vifaranga, wakawaua. Mpaka uwaone wanawaka, umeshachelewa. Na maji yake hayamwagwi baharini hivi hivi. Kwanza unaua kila kilicho hai humo. Nilimimina klorini mwenyewe. Taa zilizimika moja moja kutoka juu kwenda chini, na mimi nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia. Baadaye nilipofuatilia daftari la usafi niliona kosa: kwa siku mbili nilikuwa sijanyonya uchafu wa chini kwa mpira, kwa kuogopa kuwanyonya na vifaranga.

Kundi la tatu ndilo lililofika.

Tulikuwa tumeingia kaskazi, bahari imepata joto, na tanki lilishika nyuzi 29 bila ya msaada wa hita. Wakati wa kusi maji yetu hushuka mpaka nyuzi 25 au 26, na kila hatua huchelewa. Sasa kila kitu kilikwenda kwa saa zake. Siku mbili naupliasi. Siku tano zoea. Na siku ya saba, asubuhi, niliponyonya tone la kwanza kwa pipeti, walikuwa wanaogelea kichwa chini miguu juu.

Huyu ni wa tatu, anaitwa misisi, naye ana hatua tatu. Kwa mara ya kwanza ukimtazama unaweza kusema ni kamba, kwa sababu ana kichwa, ana tumbo lenye pingili, ana mkia wa upepeo. Lakini ananing'inia majini kichwa kikielekea sakafuni, anakwenda kinyumenyume, na akishtuka anakunja tumbo na kujirusha. Chini ya tumbo lake, miguu ya kuogelea haipo katika hatua ya kwanza, inachipua kama vipele katika ya pili, na ya tatu imekuwa mirefu yenye kiungo lakini haina kazi bado. Mwani haumtoshi tena. Anataka nyama.

Nyama yenyewe inakuja kwenye kopo. Ni mayai makavu ya artemia, kidudu cha maziwa ya chumvi, mengi yake yanatoka Great Salt Lake huko Marekani, madogo kama unga wa mchanga wa kahawia. Yanakaa makavu miaka, kisha ukiyatia katika maji ya chumvi yenye hewa na mwangaza, baada ya siku moja yanatoka viumbe vya rangi ya machungwa. Niliwatia kwenye kioo kabla ya kuwalisha, kwa mazoea tu ya kutazama kila kitu. Jicho moja. Jozi tatu za viungo. Walikuwa naupliasi. Misisi wangu, ambao wiki moja nyuma walikuwa na umbo hilo hilo, walikuwa wanawakamata na kuwala wakiwa hai. Ile hoja iliyompendeza Darwin nilikuwa nimeisoma kama habari ya vitabu. Kwenye kioo kile nilimwona mlaji na mliwaji wametoka mlango mmoja.

Siku ya kumi na moja nilikuta wachache wamegeuka. Mgongo juu, kichwa mbele. Ile miguu ya tumbo ilikuwa imeota nywele na inapiga kasia, na wanakwenda mbele kama kamba yeyote unayemjua. Mmoja alishuka mpaka sakafu ya kioo, akasimama. Akatembea. Urefu wake haukufika nusu ya sentimita, na unaona moyo unapiga ndani yake, lakini alitembea kwa jozi tano za miguu, tatu za mbele zikiwa na koleo ndogo kwenye ncha. Nilizihesabu mara tatu. Nilimwita Mwalimu, akaja, akainama kwenye hadubini, akanyamaza kidogo, kisha akanipa mkono kama mtu aliyefikiwa na mgeni.

Baharini, huyu wa siku ya kumi na moja anaanza kazi ambayo sikuweza kumfundisha kwenye tanki. Ametagwa mbali na pwani, kwenye maji ya kina, na sasa anatakiwa aingie ghubani, kwenye mikoko na majani ya bahari, kutafuta chakula na pa kujificha. Kuogelea dhidi ya mkondo hawezi. Anachofanya ni kuyatumia maji. Yanapojaa anapanda juu, yanambeba kuelekea nchi kavu. Yanapokupwa anashuka sakafuni, anajishikiza, anangoja. Kujaa kwa kujaa, bamvua kwa bamvua, anaingia. Baharia yeyote wa mashua ya tanga anaijua hesabu hiyo. Humo ndani, chini ya mizizi ya mikoko na michu, atakaa miezi michache mpaka akue, kisha atatoka tena kurudi kwenye kina alikotagwa.

Tangu hapo siwezi kwenda Chwaka nikautazama mkoko kama boriti zilizosimama. Msitu ule ni mkubwa kuliko yote ya mikoko ya Unguja, na tangu 2004 sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, lakini panga bado linaingia, na mkaa bado unatoka. Naelewa anayekata, nyumba inataka boriti na jiko linataka kuni. Hata hivyo namwomba anayekata aende siku moja wakati maji yanajaa, asimame kwenye mkono wa bahari, na ajue ni nani wanaompita miguuni bila ya kuonekana.

Na uduvi?

Nilipomaliza michoro nilichukua uduvi mbichi sokoni, nikautia kwenye kioo kile kile, nikihisi najua nitakachokiona: kifaranga wangu, mkubwa zaidi kidogo. Nikahesabu miguu ya kutembelea. Jozi tatu. Nikadhani imekatika, nikachukua mwengine. Tatu. Wa tano, wa kumi, tatu, na mahali pa jozi ya nne na ya tano hapana hata alama ya kuvunjika. Mkiani ana vidoa vyekundu ambavyo vifaranga wangu hawakuwa navyo. Huyu ni Acetes, aliyeenea katika bahari yetu ni Acetes erythraeus, na akiwa na sentimita mbili au tatu ni mzima wa kutosha, anataga. Naye amepita unaupliasi wake na uzoea wake huko majini, amemaliza. Hatakuwa kamba. Haukui, kama alivyosema Bibi.

Nilirudi Pemba mwezi uliofuata nikiwa na kioo cha kukuzia mkobani. Bibi hatandi tena, magoti hayamruhusu, lakini shangazi zangu walileta ndoo na akakaa ukumbini na ungo mapajani, anauchambua uduvi kabla haujapelekwa juani. Nikampa shikamoo yangu, nikamwambia kuwa alikuwa na haki na mwalimu alikosea, na nikamweleza habari za jozi tatu na jozi tano za miguu. Akasikiliza mpaka mwisho. Macho yake hayaoni vidudu vile tena. Anachambua kwa vidole.

"Lakini kamba wachanga wamo, mjukuu wangu," akasema. "Hawa wenye kuchoma."

Nikatazama. Pembeni ya ungo, kwenye kisahani, alikuwa ameweka fungu dogo. Uduvi wa kweli hauna pembe ya kusema, ni kijincha tu. Kamba mchanga ana pembe ndefu yenye meno kama msumeno, na ukipitisha kidole inachoma. Alikuwa akiwatoa miaka yote, kwa kuwa wakikaushwa pamoja na uduvi huwachoma watoto kwenye ulimi. Hakuwa amewahi kuniambia, wala mimi sikuwa nimemuuliza.

Nikakaa chini, nikafungua kioo, nikawahesabu miguu wale wa kisahani mmoja baada ya mmoja, na yeye akiningoja, kidole kimesimama juu ya ungo. Walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja jozi tano.